Ute wa Kasi

Utando ulikuwa na njaa. Ndani ya tangi la kioo ulijikunja na kujikunjua, mweupe kama jicho la samaki aliyechemshwa, na kila mtu alipopita karibu ulimfuata upande ule kwa mawimbi madogo madogo. Mtambo wenye mikono mitatu ulizamisha vidole vyake vya mpira, ukauinua, ukauvuta kama mzazi anavyovuta kamasi refu la mtoto, kisha ukamwekea Nyanjura mabegani.

Ulikuwa wa baridi. Halafu ukaanza kutembea wenyewe. Ulishuka mgongoni, ukaingia kwapani, ukazunguka kiuno, ukatafuta nafasi kati ya vidole vya miguu. Nyanjura alifumba macho. Kwa miezi minane alikuwa amefuta matapishi, kinyesi na makamasi ya mwanawe bila kukunja uso, tena mara nyingine kwa kiganja kitupu. Lakini vile vilikuwa vya mtu, tena mtu wake. Hiki kilimpapasa kama kinachotafuta kitu alichokificha.

"Usifungue mdomo mpaka upite shingoni," alisema Dakta Kemilembe. "Ukiuonja utatapika, na ukitapika utaushtua."

Dakta Kemilembe alikuwa mkuu wa maabara katika Taasisi ya Mwendo, mwanamke mtaratibu mwenye sauti ya muuguzi anayemtuliza mtoto kabla ya sindano. Alieleza huku akitazama jinsi utando unavyojipanga. Maji, alisema, hayamchukii mwogeleaji, ila yanamng'ang'ania. Kila mkono unaokwenda mbele huacha nyuma vijizunguko vidogo, na vijizunguko hivyo ndivyo vinavyomvuta mtu arudi alikotoka. Kambare hasumbuliwi navyo kwa sababu ya ute wake. Ndani ya ute mna nyuzi ndefu zisizoonekana kwa macho, nazo huvilaza vijizunguko kabla havijaamka. Taasisi ilichukua mbegu ya ute wa kambare, ikaipandikiza katika chembe zinazoweza kuishi juu ya ngozi ya binadamu, zikala jasho lake, zikaota joto lake, na kutoa ute kila zinapoguswa na maji. Taasisi iliuita utando-hai. Waogeleaji wa Musoma Mpya waliuita makamasi.

Kocha Magafu alisimama mlangoni, uso ameuelekeza ukutani.

"Mimi nimefundisha watu miaka yote," alisema. "Sijawahi kufundisha kamasi."

Lakini hakumzuia, kwa kuwa alijua anachokitaka. Nyanjura alitaka kuvuka kutoka pwani ya Majita hadi kisiwa cha Ukara kwa mikono yake. Katikati ya njia pana mwamba unaoitwa Jiwe la Minandi, mweupe kwa mavi ya ndege, na sheria ya Mvuko, mashindano ya kila mwaka ya kuogelea njia hiyo, ni kwamba asiyelipita kabla upepo wa mchana haujaamka hupandishwa mashuani. Mwaka juzi alipandishwa akiliona jiwe, akilinusa kabisa. Pumzi alikuwa nayo, hata moyo. Alichokosa kilikuwa kasi. Halafu akapata mimba, akazaa, na mwili uliorudi ziwani ulikuwa mzito kuliko ule uliotoka.

Basi akauvaa utando. Masharti yalikuwa machache: asiuvue, asipake sabuni, asipake mafuta.

Mazoezi ya Kocha Magafu yalikuwa kinyume cha watu wengi walivyodhani. Alisema kosa la waogeleaji wa masafa ni kuogelea masafa kila siku, wakiufundisha mwili kwenda polepole mpaka unakuwa bingwa wa polepole. Yeye alikata njia vipande. Kipande kimoja kifupi kwa nguvu, pumzi kidogo, kipande kingine, pumzi, mpaka mabega yawake moto. Siku moja tu ya juma ndiyo ilikuwa ya safari ndefu. Alimkazania ashike maji kwanza kabla ya kuyasukuma, kiwiko kikiwa juu, na akitaka kuona mbele ainue macho tu, kama mamba, asiinue kichwa kizima. Kando yake lilielea boya-mlinzi, mashine ya mviringo inayofukuza viboko na mamba kwa mlio wasioupenda, inayobeba chupa ya uji kwenye mkono mrefu, na inayotangaza kasi ya mwogeleaji kwa sauti ya mhudumu wa benki.

Siku ya kwanza na utando, boya lilitangaza kasi ambayo Nyanjura aliiomba irudiwe.

Maji yalikuwa yamemwachia. Hakukuwa na neno lingine. Mkono uliingia na mwili ukapita, kama uzi kwenye tundu la sindano. Alicheka ndani ya maji, akameza maji, na ndipo akahisi utelezi mdomoni. Alipotoka, nyuma yake ziwa lilikuwa na mchirizi wa povu zito, na nzi walikuwa wameshaujua. Walimfuata mpaka nyumbani.

Nyumbani palikuwa na wifi yake, Nyakwesi, aliyehamia kwake ili kumsaidia kulea mtoto. Mume wa Nyanjura alikuwa mchimbaji Mwezini na likizo yake ilikuwa mbali. Nyakwesi hakuwa mtu wa kuficha neno.

"Wifi, siku hizi hukumbatiki," alimwambia. "Mtu akikushika unaponyoka kama kamongo. Kaka yangu akirudi itabidi akuvue kwa ndoano."

Walicheka. Nyakwesi alitandika plastiki kwenye viti, akahamisha mkeka wake upande wa dirisha, akaanza kumpokea mtoto kwa kanga iliyokunjwa. Kicheko kikapungua. Harufu ilikuwa ngeni, si ya samaki wala jasho, bali kitu kitamu kilichokaa sana kwenye joto. Nyanjura aliisikia hata ndani ya ugali.

Bwire, mwanawe, ndiye aliyekuwa wa kwanza kujua kwamba mambo si sawa. Dakta alikuwa ameagiza sehemu mbili za kifua ziachwe wazi, na mwanzoni utando ulitii. Kisha ukaanza kusogea. Kila asubuhi Nyanjura aliukuta umepungua miguuni na kunenepa kifuani, mkunjo juu ya mkunjo, ukizunguka matiti kama ukoka unavyozunguka kisima. Aliusukuma kwa kidole, nao ukarudi taratibu.

Siku moja baada ya mazoezi alimpakata mtoto akampa ziwa. Bwire alinyonya kidogo, akasita, akakohoa. Macho yakamtoka. Nyanjura alimgeuza kifudifudi, akamtia kidole mdomoni, akagusa kitu laini, akakivuta. Kilikuja. Kikaendelea kuja, kirefu, cheupe, chenye uvuguvugu, na kilipotoka chote mtoto akavuta pumzi na kulia. Kile kitu hakikuanguka sakafuni. Kilijizungusha kidoleni, kikapanda mkono, kikarudi kifuani kujiunga na wenzake.

Nyanjura alimpa Nyakwesi mtoto, akakimbilia bafuni, akatapika mpaka hakikubaki cha kutapika.

Tangu hapo Bwire hakutaka kifua. Akisogezwa aligeuza uso, akakunja midomo, akalia kilio cha mtu aliyeonewa. Alikunywa uji kwa kijiko na kulala mgongoni kwa shangazi yake. Matiti ya Nyanjura yalijaa, yakauma, yakaanza kuchuruzika. Utando ukayanywa yale maziwa. Alihisi ukiyanywa.

Juma hilohilo alivunja kasi zake zote. Kocha Magafu aliisikia kasi ikitangazwa, akamtazama Nyanjura anavyotoka majini na bonge lile jeupe kifuani, akaenda kukunja kamba zake.

Nyanjura alirudi Taasisi. Njiani alijilaumu, maana sababu aliijua, au alidhani anaijua. Waogeleaji wa ziwa hilo hujipaka samli shingoni na kwapani ili ngozi isichubuke kwa mikono inayozunguka kutwa nzima. Mama zao walifanya hivyo, na makocha wao pia. Mara mbili, kabla ya safari ndefu, mkono wake ulikuwa umechota samli na kupaka kabla akili haijakumbuka sharti. Dakta Kemilembe alimsikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Ndiyo hiyo, Mama Bwire. Utando unapenda mafuta. Umeufundisha uchoyo." Akamtazama kifuani kwa udadisi wa kitaalamu. "Lakini kasi yako sijaiona kwa mtu mwingine. Mtoto ana miezi mingapi? Minane inatosha. Mwachishe. Maziwa yakikauka, utando utatulia, na wewe utavuka."

Alisema kama anayempa zawadi. Kisha akaitwa, akamwomba asubiri kwenye chumba cha pili, kule utando mwingine unakolishwa.

Matangi yalikuwa yamepangwa hadi ukutani. Mtambo ulikuwa unapita na mpira wa kumiminia, na kila tangi lilipofikiwa utando wake ulipanda juu kwa pupa, ukaufyonza mpira, ukatoa sauti ya mtu anayekunywa supu. Nyanjura alisikia harufu ileile. Hapa ilikuwa bichi, haijachacha, na mwili wake uliitambua kabla yake. Maziwa yakamtoka.

Kando ya mtambo palikuwa na ndoo, na ndani ya ndoo kulikuwa na nyuzi za shanga.

Katika mji ule, mama anayejaliwa maziwa mengi hukamua ya ziada na kuyapeleka benki ya maziwa kwa ajili ya njiti, watoto waliozaliwa kabla ya wakati wao. Kwenye shingo ya chupa hufunga kipande cha uzi uleule wa shanga aliomvalisha mwanawe kiunoni. Mama wa njiti akipokea chupa huukata uzi na kuufunga kwenye kitanda cha mtoto wake, ili mtoto akikua aambiwe ana ndugu wa ziwa mjini, mwenye shanga za rangi fulani. Nyanjura mwenyewe alifunga nyuzi nyingi Bwire alipozaliwa. Wala hakuna aliyejiona amefanya jambo kubwa.

Ndoo ilikuwa imejaa. Nyekundu, buluu, njano, za mama ambao hadi leo wanaamini kuna vitanda vyenye shanga zao. Zilikuwa zimelowa ute, zimenatana, na nzi wawili walikuwa wanatembea juu yake.

Dakta alipoingia alimkuta ameshika konzi ya nyuzi hizo.

"Ni maziwa ya ziada," alisema Dakta, sauti yake haikubadilika. "Kuna mgawanyo, una kibali. Tulijaribu ng'ombe, mbuzi, soya, kila kitu. Utando haukui ila kwa maziwa ya mama. Mama Bwire, usinitazame hivyo. Hii haikuanza kwa ajili ya michezo. Tulitaka ngozi kwa watu walioungua moto. Waogeleaji ndio waliotupa nafasi ya kuujaribu."

"Kwa hiyo si samli."

"Samli imechangia."

"Si samli, Dakta. Kimelelewa kwa maziwa, halafu mkamvalisha mama anayenyonyesha. Mlitegemea kiende wapi?"

Dakta aliokota uzi mmoja ulioanguka, akaurudisha ndooni. Nyanjura aliona kwamba hakuwa mtu mbaya, na jambo hilo lilimchefua zaidi.

Wodi ya njiti haikuwa mbali. Hakujua anakwenda kufanya nini, ila miguu ilikwenda. Mlangoni alikuta mama mmoja mdogo, bado kama msichana, kanga kifuani na kikombe kitupu mkononi. Muuguzi alikuwa anamweleza kwa sauti ya chini kwamba kwa leo maziwa ya benki hayakutosha, avumilie, ajaribu kukamua yake hata kama ni tone. Yule mama alisema amekamua, linatoka tone la damu. Ndani, mtoto akalia. Kilikuwa kilio kidogo, kama cha paka aliyefungiwa kabatini.

Kifua cha Nyanjura kilijibu kile kilio. Maziwa yalikuja kwa nguvu, yakatosha kujaza kikombe kile na kingine, na hakuweza kumpa hata tone. Utando ulikuwa umeshayafikia. Aliusikia chini ya nguo yake ukilamba. Yule mama aliusikia pia, akarudi nyuma hatua moja, uso wake umekunjamana.

Nyanjura alikimbia.

Taasisi ilikuwa imewaambia kwamba utando hautoki kwa sabuni wala maji, nao walisema kweli, maana maji ndiyo yaliuzidishia ute. Lakini aliyekulia ufukweni haoshi kambare kwa maji. Humsugua majivu makavu. Majivu yenyewe hayakupatikana kirahisi katika mji unaopikia umeme wa jua. Nyakwesi alizunguka sokoni mpaka akapata karai zima kwa mchoma samaki. Alijifunga kitambaa puani, akamkalisha wifi yake uani, akaanza mgongoni kwa dodoki.

Utando ulitoka kwa vipande, ukivuta vinyweleo na ngozi. Kila kipande kilijikunja kwenye majivu, kikawa cha kijivu, kikatetemeka, kikatulia. Uvundo uliotoka ulikuwa wa maziwa yaliyosahaulika juani. Walipofika kifuani uling'ang'ania, na chini yake ngozi ilikuwa imelainika na kujikunja kama vidole vya dobi. Nyakwesi aliinuka mara moja kwenda kutapika, akarudi amefuta mdomo.

"Nimesafisha kambare tangu utoto," alisema. "Huyu ndiye wa kwanza kunilalamikia."

Nyanjura alicheka huku analia. Yote waliyafagia, wakayatupa chooni.

Dakta Kemilembe alipiga simu kuomba utando urudishwe, hata kipande. Aliambiwa ulipo. Halafu akauliza kama mtoto ananyonya. Nyanjura akamwambia bado.

Bado kweli. Ngozi ilipona, harufu ikaisha kwa watu wazima, lakini Bwire aliendelea kugeuza uso. Nyanjura alikamua kwenye kikombe, kila siku, akamnywesha mwanawe kidogo kwa kijiko, na kilichobaki alikipeleka mwenyewe mpaka mlango wa wodi. Nyakwesi alikuwa amekwisha lisema jambo lile sokoni, saluni na kliniki, kwa namna yake ya kutoficha neno, na kabla ya siku nyingi kupita kulikuwa na foleni ya mama wenye vikombe mlangoni pale, hawapitii benki tena. Taasisi ilitoa taarifa kuhusu mgawanyo na kibali. Mama wakaisoma wakiwa kwenye foleni.

Kwa Kocha Magafu alirudi na aibu. Boya-mlinzi lilitangaza kasi yake, na ilikuwa imeshuka sana. Kocha alilisikiliza, akamwambia haijashuka mpaka ya mwaka juzi. Kuna kiasi kilichobaki, na hicho ni chake, vipande vile alivipiga yeye. Wakaanza upya na vipande.

Siku ya Mvuko, pwani ya Majita ilimeremeta miili yenye utando. Nyanjura aliwaambia waliokuwa karibu naye makamasi yale yamelishwa nini. Mwanamume mmoja alitema mate. Wengine walitazama ziwa. Kijana wa Mwanza, mpole, alisema amejiandaa mwaka mzima, dada, sasa afanyeje. Hakuna aliyeuvua. Filimbi ikalia.

Walimwacha mapema. Alikuwa amejua watamwacha, ila hakuwa amefikiria watamwachia nini. Mikono yake iliingia katika maji mazito, yenye nyuzi. Kila mmoja wa wale waliotangulia alikuwa amemwaga ute njia nzima, na wote walipita mstari mmoja, ulio mfupi. Ulimpaka usoni, ukamziba miwani. Aligeuka kupumua, mdomo ukajaa, na kabla hajatema alikuwa ameshauonja.

Ulikuwa mtamu. Alipokuwa akimpimia Bwire joto la maziwa kikombeni alikuwa ameonja ladha hiyo kwenye ncha ya ulimi, kila siku.

Alitema, akakohoa, akatema tena. Boya-mlinzi lilimuuliza kama anahitaji mashua. Nyanjura aliinua macho, akaliona Jiwe la Minandi kwa mbali, na mchirizi mweupe ukinyooka hadi huko. Akauacha, akakata upande wa kulia. Boya lilimwonya kwamba njia hiyo ni ndefu zaidi. Alijua. Alipiga kipande cha nguvu, akahesabu pumzi, akapiga kingine, akitaka jambo moja tu, kuweka maji masafi kati yake na kile kitu, na kinyaa kikafanya kazi ambayo tamaa haikuwahi kuifanya. Aliyashika maji, kiwiko juu, akayatupa nyuma. Maji yalimng'ang'ania, na yeye akayang'ang'ania. Harufu ya mavi ya ndege ilimfikia, kali, ya kukata pua, na kwake ilikuwa nzuri.

Alilipita jiwe akiwa wa mwisho. Nyuma yake upepo uliinua wimbi la kwanza.

Alipogusa mchanga wa Ukara jua lilikuwa limeinama. Washindi walikuwa wamesimama kwenye mahema, mitambo ikiwakwangua utando na kuurudisha ndooni. Nyanjura alitambaa, akakaa kwenye maji yanayofika kiunoni, hawezi kuinua mikono. Nyakwesi, aliyetangulia kwa mashua, aliingia ziwani na gauni lake, mtoto mkononi, akimlaumu kwa kuchelewesha watu mchana kutwa.

"Ana njaa huyu," alisema. "Uji ameutupa. Ameninunia mimi kana kwamba ndimi niliyemwacha."

Akamweka mapajani, akamfungulia Nyanjura vazi la kuogelea kifuani. Bwire alimtazama mama yake, akamgusa alama za miwani, akanusa bega. Akageuza uso. Nyanjura hakumvuta. Alikaa tu, mikono imelegea ubavuni, wimbi dogo likiwapiga wote wawili. Mtoto akageuka tena, akasogea mwenyewe, akanusa chini zaidi, na kwa hasira ya siku zote zile akamng'ata titi kwa meno yake mawili mapya.

"Mng'oe, atakutoa damu," Nyakwesi alisema.

"Mwache," alisema Nyanjura, maana midomo ilikuwa imeshaanza kuvuta.